Tulivyoushusha Wimbo wa Mluzi

Jumapili, 9 Machi

Daftari hili nimepewa na dada wa filamu. Sote watatu tumepewa. Alisema, "Andikeni chochote mnachokumbuka juu ya marehemu, halafu mtanisimulia mbele ya kamera." Nikamwambia mimi niliishia darasa la sita, mkono wangu umezoea msumeno kuliko kalamu. Akasema haidhuru, yeye hatalisoma. Fundi Bomba ameshaanza kuchana kurasa za kwake, anasokotea tumbaku. Mpishi ameandika ukurasa mmoja tu, vitu vilivyokwisha stoo. Mimi nimeona niandike kweli. Nina jambo kifuani siwezi kumwambia mtu, na karatasi haina mdomo.

Nianze na watu. Tulikuwa bendi ya watu wanne hapa kwenye karakana ya mawe, wote wageni, wote wa mbali. Mluzi alikuwa mwimbaji na mpiga gita. Jina alilipata kwa sababu hata akisukuma toroli la mawe alikuwa anapiga mluzi. Fundi Bomba anatengeneza mabomba ya maji ya karakana, na ndiye wa dramu. Mpishi anatupikia bwaloni, na anapiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kifuani. Mimi ni besi. Mchana mimi na Mluzi tulikata mawe kwenye mashine moja, yeye upande huu mimi upande ule, miaka saba. Jumamosi jioni tulipiga bwaloni. Januari alifariki. Dada huyu alitusikia mara moja tu, mwaka juzi, akatukumbuka. Sasa anataka filamu ya marafiki watatu waliobaki.

Filamu yenyewe ndogo. Ana kamera moja, gari la kusukumwa ndipo liwake, na bwana mmoja mkimya wa kushika kipaza sauti kwenye fimbo ndefu. Nilimuuliza itaonyeshwa wapi. Akasema, "Popote watakaponifungulia mlango."

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Tumekata mawe ya ngazi. Mgongo.

Jumapili, 16 Machi

Leo tumepigwa picha tukitembea. Kutoka getini mpaka bwaloni, watu watatu, na vyombo vyetu mabegani. Nilidhani ni kazi ya mara moja. Tulitembea mara kumi na moja. Kila tukifika, dada anainua kichwa kwenye kamera na kusema, "Tena, tafadhali."

Fundi Bomba akamwambia, "Dada, mimi hata nyumbani kwetu sikurudi mara kumi na moja." Tangu hapo anamwita Mama Tena, na mwenyewe anaitikia.

Baadaye tukakaa bwaloni kukaza nyuzi. Hapo ndipo tulipokwama. Sisi hatukuwa na kifaa cha kupimia. Desturi yetu ilikuwa moja: Mluzi analeta gita lake, anapiga uzi mmoja, sote tunamfuata. Na Mluzi mwaka jana alikuwa anashusha. Mwezi wa sita alikuja na gita lililolegea kidogo, akasema, "Leo tuimbe hapa, koo limechoka." Tukalegeza. Mwezi wa tisa akashusha tena, wa kumi na moja tena. Mimi na yeye ni kulegeza nyuzi tu. Mpishi ndiye aliyeumia, maana kodiani hailegezwi, imezaliwa na sauti yake. Kila Mluzi akishuka, Mpishi alilazimika kujifunza nyimbo zote upya kwa vidole vingine. Alinung'unika mpaka mchuzi ukawa na chumvi nyingi.

Mama Tena akauliza, "Sasa tupige kwa sauti ipi? Ya zamani au ya mwisho?"

Mpishi akasema, "Ya zamani. Vidole vyangu vipumzike."

Nikasema, "Ya mwisho." Wakanitazama. Besi yangu sijaigusa tangu Januari, nyuzi zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Sikuwaambia kwa nini. Nilisema tu ndivyo alivyoliacha gita lake.

Fundi Bomba akacheka. "Jamaa alizeeka koo kabla ya magoti." Huo ni utani wake wa siku zote. Alikuwa anamwambia Mluzi hivyohivyo machoni, na Mluzi anacheka, anageuka kando kukohoa. Fundi Bomba ni mtu wa maneno mengi na ndani hamna kitu. Ndivyo ninavyomwona.

Jumatano, 19 Machi

Mvua haijakatika tangu Jumatatu. Chumbani tumeweka ndoo mbili, moja chini ya kitanda changu.

Jumapili, 23 Machi

Leo zamu yangu kuongea. Mama Tena aliniketisha kwenye benchi mbele ya mashine. Akauliza, "Alikufaje?"

Nikasema, "Ghafla."

Gari likapiga honi nje. "Tena, tafadhali."

"Ghafla. Aliumwa siku tatu."

Bwana wa kipaza sauti akanyoosha kidole juu, mabati yalikuwa yanadondosha maji. Tena. Halafu nikaangalia kamera badala ya kumwangalia dada. Tena. Halafu betri. Nimesema ghafla mara sita leo. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito kama nimeuma ndimu. Mara ya sita ulitoka laini, na dada akasema, "Hiyo ndiyo yenyewe."

Alhamisi, 27 Machi

Nimerudi mapema, umeme wa karakana umekatika. Wenzangu wanacheza karata bwaloni. Nitaandika sasa au sitaandika kabisa.

Mluzi hakufa ghafla.

Jiwe likikatwa kavu linatoa unga mweupe kama wa ngano, unaingia puani na kwenye mate. Mashine yetu ina bomba la maji la kuutuliza, lakini presha ikishuka msimamizi anasema endeleeni hivyohivyo, na sisi tunaendelea. Mwezi wa tisa Mluzi alitema damu kwenye toroli. Akaifunika na unga. Mimi niliona. Nilimlazimisha twende zahanati, nikakaa naye mle ndani. Daktari aliweka picha ya kifua kwenye taa akatuonyesha. Akasema, "Hii kazi uiache leo, si kesho. Rudi kwenu ukapumzike. Ukikaa na vumbi hili sitakuahidi mwaka."

Njiani Mluzi akaniambia, "Ndugu yangu, umesikia wewe, nimesikia mimi. Yakomee hapo." Nikamwambia mkeo lazima ajue. Akasema, "Akijua ataniita, na akiniita nitakwenda. Nikienda nitakuwa nani kule? Mtu wa kukaa kwenye kiti." Nikakubali.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini hilo bado si kosa langu lote. Kosa langu ni la Oktoba. Mke wake alinipigia simu mimi. Si yeye, mimi. Ni shemeji yangu tangu walipooana, nilisimama ubavuni mwa mumewe siku hiyo. Akasema, "Shemeji, nakuuliza wewe kwa sababu yule wangu hasemi. Sauti yake ya kwenye simu imebadilika. Mzima?"

Nikamjibu, "Mzima kabisa, shemeji. Ni maji ya barafu, nimemkataza hasikii." Akacheka. Akasema, "Basi mpige kofi kwa niaba yangu."

Nilikuwa nimesimama karibu na stoo ya saruji. Naikumbuka mpaka mifuko ilivyopangwa. Angesikia kweli siku ile, angekuja kwa basi la kwanza kumchukua. Januari tukamwambia homa ya mapafu, siku tatu. Ghafla.

Jumapili, 6 Aprili

Mama Tena ametuambia mke wa Mluzi anakuja kukaa wiki mbili, atakuwemo kwenye filamu. Fundi Bomba akasema lazima tununue kiti kizuri. Mpishi akaanza kufuta masizi ukutani. Mimi nilikwenda kujifungia chooni.

Jumamosi, 12 Aprili

Amefika. Nilikwenda kumpokea stendi kwa sababu kila mtu alisema ni mimi wa kwenda. Alishuka na begi moja, amevaa koti la mumewe, mikono ameikunja mara mbili.

"Shemeji, umekonda," akaniambia.

"Uzee, shemeji."

"Uzee gani, na wewe ulikuwa nyuma yake miaka miwili." Akanishika mkono. "Ahsante kwa kumtunza. Nilikuwa nalala nikijua upo."

Nilibeba begi. Nilitembea mbele ili asione uso.

Jumapili, 13 Aprili

Alitaka kuona chumba. Vitanda vinne, sanduku chini ya kila kimoja, waya wa taulo. Kwenye kitanda cha Mluzi sasa analala fundi rangi mgeni, mtu mpole, hakuwahi hata kumjua. Tulipoingia alikuwa amelala. Alisikia "hiki ndicho", akainuka, akakusanya blanketi lake na viatu, akatoka na soksi bila neno, akasimama mvuani. Shemeji akakaa pale penye joto la mtu mwingine. Mama Tena alikuwa na kamera begani, akaishusha mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo.

Shemeji akauliza, "Alikuwa anageukia wapi akilala?"

Nikasema ukutani. Kweli aligeukia ukutani, kwa sababu ya kukohoa. Hilo sikuliongeza.

Jumatano, 16 Aprili

Presha ya maji imeshuka, tumekata kavu siku nzima. Nilifunga kitambaa usoni, msimamizi akaniuliza kama naibia benki.

Jumapili, 20 Aprili

Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Tulikuwa bwaloni, saa nane mchana, mawingu yamekaa juu ya paa. Mama Tena alitaka tupige ule wimbo Mluzi aliomtungia mkewe, wenye maneno "usifunge mlango, nitaingia na sauti". Mwimbaji hatuna, tulikubaliana vyombo tu. Shemeji aliketi mbele yetu, mikono mapajani. Kamera ilikuwa inatembea.

Hatukufika katikati. Akainua mkono. "Simameni kidogo. Huu si wimbo wangu."

Mpishi akasema, "Ndio wenyewe, dada."

"Naujua, nimetungiwa mimi. Nasema sauti. Aliuimba juu, mpaka majirani wakagonga ukuta. Huku chini mnatafuta nini?"

Fundi Bomba, na mdomo wake, akasema, "Shemeji, koo lilizeeka. Alitushusha mara tatu. Tungempa mwaka mwingine tungepigia chini ya sakafu."

Shemeji akamkazia macho.

"Mara tatu. Tangu lini?"

Nilimwomba Mungu kwamba Mpishi asikumbuke. Lakini vidole vilivyohamishwa ni vyake. "Juni, Septemba, Novemba," akasema. "Mimi siwezi kusahau, dada, niliumia."

Mvua ikaanza. Shemeji aliangalia vidole vyake kama anayehesabu siku za mimba. Halafu akanigeukia mimi, si wengine.

"Nilikupigia simu Oktoba."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza juu ya sauti yake. Ukaniambia nini?"

"Maji ya barafu."

"Nikacheka."

"Ulicheka, shemeji."

"Na wewe ulikuwa unajua."

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya kwangu ilikuwa ndefu miezi sita na ikaishia kwenye benchi la bwalo. Nikamwambia. Zahanati, picha ya kifua, daktari, damu kwenye toroli. Mvua ilikuwa inapiga mabati kama mtu anamwaga kokoto, nikawa napaza sauti kumwambia mjane kwamba mumewe alitema damu. Jambo kama hilo mtu analisema kwa kunong'ona. Mimi nililisema kwa kelele.

Hakulia. Aliinuka akakunjua mikono ya koti, ikamfunika viganja, akatoka.

Fundi Bomba alikuwa ameshika vijiti viwili mkono mmoja. Akaniambia, "Miezi minne nimemtania mtu anayekufa. Koo limezeeka, koo limezeeka. Wewe umekaa pembeni yangu unanisikiliza, na unajua."

"Aliniomba nisiseme."

"Ungeniminya tu mguu. Ningenyamaza bila kuuliza."

Akaweka vijiti juu ya dramu taratibu. Nilisema juu kwamba mtu huyu ndani hamna kitu. Nimeandika kwa kalamu, haifutiki. Naiacha ibaki.

Jumatatu, 21 Aprili

Kazi. Hakuna anayeongea nami ila fundi rangi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mpishi amenijazia sahani kama kawaida. Hakunitazama. Chumvi ilikuwa sawa.

Jumapili, 27 Aprili

Mama Tena alinifuata asubuhi. Alizunguka zunguka maneno, mara gari, mara hali ya hewa. Mwisho bwana wa kipaza sauti ndiye aliyesema, na sikuwahi kumsikia akitoa sentensi nzima. "Kaka, sauti ya Jumapili iliyopita haifai. Ni mvua tupu. Mdomo wako unaonekana, maneno hayapo."

Nikangoja Mama Tena aseme lile neno lake. Hakulisema. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikasema, "Lile si la kurudiwa. Mengine yote nitatembea hata mara mia."

Sauti ikatoka mlangoni. Shemeji alikuwa amesimama pale. "Arudie," akasema. "Mimi pia sikusikia yote. Nilisikia toroli, nikasikia damu, katikati sikusikia."

Tukakaa. Bila mvua bwalo lilikuwa kimya mpaka nasikia friji ya Mpishi. Nikaanza zahanati, nikashuka mpaka Oktoba. Nilipofika kwenye simu akanikatiza.

"Yeye alikuomba umfiche. Hilo nimelielewa, namjua. Lakini mimi sikumuuliza yeye. Nilikuuliza wewe. Kwa nini?"

Wiki iliyopita ningesema ni ahadi. Nilikuwa nimeliandaa. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu una ukweli wake.

"Kwa sababu ungemwita," nikasema. "Akienda yeye, bendi imekwisha. Na mimi bila bendi ni mkata mawe tu, shemeji. Jumamosi jioni watu walikuwa wananiita kwa jina. Niliyataka hayo kidogo tena. Nilijidanganya daktari kakosea. Nilimbakiza mumeo hapa kwa ajili ya Jumamosi zangu."

Kamera ilikuwa inanguruma pole pole.

"Sasa nimesikia," akasema. Halafu: "Mama yake bado anajua ni homa ya siku tatu. Kila mgeni anampa hadithi hiyo. Mimi sitakubebea mzigo huu, njia ni ndefu na sikuufunga mimi. Utakuja wewe. Utamwambia kama ulivyoniambia, na hili la mwisho pia."

"Nitakuja."

"Usinipigie simu kwanza. Njoo tu."

Tangu alipofika alikuwa ananiita shemeji kila sentensi ya pili. Leo hajaniita chochote.

Jumatatu, 28 Aprili

Ameondoka. Fundi Bomba ndiye aliyembebea begi.

Ijumaa, 9 Mei

Jua siku tatu mfululizo. Ndoo tumezirudisha kwa wafagiaji. Nimemwambia msimamizi naondoka tarehe ishirini, akaniuliza likizo ya muda gani, nikasema sijui. Akasema nafasi hailindwi. Nikamwambia najua, nimeona kitanda.

Jumapili, 18 Mei

Mama Tena alitundika shuka bwaloni akatuonyesha alichokishona mpaka sasa. Tulikuwa watu kumi na wawili. Mluzi hayumo hata mara moja, kuna mahali pake tu: msumari ukutani alipotundika gita, upande wake wa mashine, sisi watatu tunatembea na nafasi katikati yetu ambayo hatukuipanga. Sikujua tunatembea hivyo.

Halafu nikatokea mimi kwenye benchi. "Ghafla." Nikadhani ataweka ile ya sita, iliyokuwa laini. Ameziweka zote. Ghafla, ghafla, ghafla, mara sita mfululizo, na kila mara uso wangu unazidi kutulia. Halafu bwalo, mvua, mdomo wangu unafunguka na sauti haipo. Halafu ile ya pili yote, mpaka Jumamosi zangu.

Mama Tena akanifuata akaniuliza kama aitoe. Nikasema aiache.

Fundi Bomba alikuwa amekaa safu ya nyuma. Filamu ilipokwisha hakuja kwangu. Alikwenda kufunua dramu, akaanza kukaza ngozi, uso umelowa, na hakuuficha. Mpishi akamwendea. Mimi sikwenda. Si kila kilio mtu anaalikwa.

Jumapili, 25 Mei

Mabasi mawili na kutembea. Naandikia nyumbani kwa mama yake Mluzi, uani, yeye ameingia ndani kuosha uso.

Shemeji alinifungulia, akaniongoza, akasimama mlangoni kuhakikisha. Mama ni mdogo kuliko nilivyomdhania, amekaa kwenye mkeka anachambua mbegu. Nilipiga magoti. Nikamwambia yote kama nilivyoagizwa, toroli, daktari, simu, na lile la mwisho. Hakuniuliza katikati. Mikono yake tu iliacha kuchambua.

Nilipomaliza nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata viatu nilivua karibu na njia.

Akauliza, "Aliimba mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi ya mwisho, mama."

"Vizuri?"

Kulikuwa na jibu pale, la kupoza roho, limesimama mlangoni mwa mdomo. Ningeweza kulitoa, na nadhani hata shemeji angelipokea. Nikasema, "Hapana, mama. Mwezi ule wa mwisho sauti ilikuwa imekwisha. Alikuwa anafungua mdomo tu, watu wasijue."

Akatikisa kichwa taratibu. Mbegu zilianguka mapajani, hakuziokota.

"Basi nani alikuwa anaimba?"

"Mimi, mama. Nilikuwa nasimama nyuma yake, hata wenzangu walidhani namwitikia tu."

Akaniinua uso kwa kidevu, akanitazama kama anayetafuta kitu kilichopotea kwenye chumba cha mtu mwingine.

"Na wewe sauti unayo?"

Nikamjibu sina, nilikuwa naiga ya kwake tu.